Fedha zikija na masharti kutoka Kampala, baraza la gombolola linapanga nini?

Swali: "Mimi ni diwani mpya katika baraza la gombolola moja (ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya na juu ya parishi) wilayani Busia, Uganda. Wapiga kura wangu wanadai kalavati katika njia inayotoka kijijini kwenda sokoni, kwa sababu mvua zikinyesha kijito hukata njia na watoto hukosa shule. Nilipolipeleka jambo hilo kwa chifu wa gombolola, yaani afisa mtendaji wake, alinijibu kwamba fedha zote hutoka Kampala zikiwa zimekwisha kupangiwa kazi. Kama ndivyo, sisi barazani tunapanga bajeti ipi, na ombi kama hili liingie lini, na kwa mlango upi?"

Jibu: Mheshimiwa diwani, nitakujibu kwa urefu, kwa sababu nimewaona madiwani wengi wakilibeba swali hili kwa miaka mitano bila kuliuliza, na muhula ukaisha wakiwa bado wanaamini kwamba baraza ni mahali pa kuidhinisha yaliyokwisha kuamuliwa. Chifu wako hakukudanganya, lakini alikupa nusu ya jibu. Ni kweli kwamba katika wilaya nyingi za Uganda zaidi ya asilimia 90 ya fedha za bajeti ni ruzuku ya serikali kuu, na ni kweli kwamba nyingi ya ruzuku hizo huja zikiwa zimetajiwa kazi. Nusu aliyoiacha ni hii: masharti hayo mara nyingi hutaja aina ya kazi, si mahali pa kuifanyia. Fedha ikisema "ukarabati wa njia za jamii", haisemi njia ipi. Kuchagua mahali, kuamua nani atangulie, na kuhakikisha kwamba kazi imekwisha kuandaliwa fedha zinapoingia ni shughuli ya baraza, na baraza lisipoifanya, itafanywa na maofisa peke yao.

Tuanze na ruzuku zenyewe. Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 193, inataja aina tatu. Kuna ruzuku isiyo na masharti, ambayo ni kiwango cha chini zinachopewa serikali za mitaa ili ziendeshe huduma zilizogatuliwa. Kuna ruzuku yenye masharti, inayogharamia programu zilizokubaliwa kati ya serikali kuu na serikali za mitaa, nayo haitumiki ila kwa kazi iliyotolewa kwa ajili yake. Kisha kuna ruzuku ya kusawazisha, inayolenga maeneo ambayo huduma zake ziko nyuma ya wastani wa taifa. Mtu akiisoma Katiba pekee atadhani kwamba ile isiyo na masharti ndiyo uwanja mpana wa baraza. Hali halisi ni kwamba sehemu yake kubwa humezwa na mishahara ya watumishi na gharama za kuendesha ofisi, na kinachobaki hakitoshi kujenga kitu cha kudumu.

Katika ruzuku zenye masharti, jambo la kwanza la kuangalia ni kama fedha husika ni ya mishahara, ya uendeshaji au ya maendeleo, kwa kuwa makundi hayo matatu hayachanganywi. Mshahara wa mwalimu hauwezi kugeuzwa kalavati hata kama nafasi hiyo ya ualimu imekaa wazi mwaka mzima. Fedha za uendeshaji wa shule za msingi hukokotolewa kwa kutazama idadi ya wanafunzi na huingia katika akaunti za shule zenyewe, kama vile za afya ya msingi zinavyokwenda kwenye vituo vya afya. Hapo kazi ya diwani ni kusimamia na kuuliza, maana mgawanyo umekwisha kufanywa na kanuni. Fedha za maendeleo ndizo zenye nafasi ya kuchagua, na miongoni mwake ipo moja ambayo ningependa kila diwani aijue kwa jina, yaani ruzuku ya hiari ya maendeleo na kusawazisha, ambayo watu wa ofisi huiita DDEG. Ilianza katika mwaka wa fedha 2016/17 kwa kuunganisha ruzuku kadhaa ndogondogo. Hugawanywa kati ya wilaya na magombolola yake, na ingawa ina miongozo inayotaja aina za miradi inayokubalika na ile isiyokubalika, ndiyo ruzuku iliyo karibu zaidi na uamuzi wa baraza lako. Muulize chifu, kwa upole lakini bila kuachia, gombolola lenu limepangiwa kiasi gani cha DDEG mwaka huu na kimewekwa katika mradi upi. Jibu hilo peke yake litakufungulia nusu ya bajeti.

Kuna fedha nyingine ambayo wananchi huihesabu kuwa ya baraza, na sharti uwaeleze mapema ili wasikulaumu bure. Mpango wa Maendeleo ya Parishi, uliozinduliwa Kibuku mwezi Februari 2022, umepangiwa shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka. Wananchi husikia kiasi hicho, wakazidisha kwa idadi ya parishi za gombolola, kisha wakauliza iweje baraza likose fedha za kalavati moja. Fedha hizo huenda kwenye chama cha akiba na mikopo cha parishi na kukopeshwa wananchi, kwa kawaida shilingi milioni 1 kwa kila mnufaika, ili waanzishe shughuli ya kuwaingizia kipato. Hazipiti katika maamuzi ya baraza la gombolola na haziruhusiwi kujengea barabara.

Fedha pekee isiyo na bwana mwingine ni mapato ya ndani: ushuru wa soko, leseni za biashara, ada za maegesho, kodi ya majengo katika miji, na kodi ya huduma za mtaa iliyoletwa mwaka 2008 pamoja na kodi ya hoteli. Kodi hizo mbili zilikusudiwa kuziba pengo lililoachwa mwaka 2005 ile kodi ya kichwa iliyotozwa kwa madaraja ilipoondolewa. Hazikuliziba. Mimi binafsi sikuipenda kodi ile kwa namna ilivyokusanywa, kwa misako ya alfajiri na watu kulala vichakani, na sitamani irudi. Hata hivyo ni lazima ikubaliwe kwamba tangu hapo mabaraza yetu yamepungukiwa na sauti, kwa sababu asiye na chake huambiwa namna ya kutumia cha mwenzake.

Nikuonyeshe hesabu yenyewe kwa mfano wa kubuni. Tuseme gombolola la vijijini limekusanya shilingi milioni 40 kwa mwaka. Sheria ya Serikali za Mitaa inaliachia gombolola asilimia 65, yaani milioni 26, na milioni 14 zinakwenda wilayani. Katika zile milioni 26, asilimia 25 ni ya vijiji, sawa na milioni 6.5, asilimia 5 ni ya parishi, milioni 1.3; asilimia 5 nyingine ni ya kaunti, milioni 1.3. Gombolola linabaki na milioni 16.9. Humo ndimo zinamotoka posho za vikao vya madiwani, na sheria imeweka kikomo kwamba malipo ya madiwani yasizidi asilimia 20 ya mapato ya ndani yaliyokusanywa mwaka uliotangulia. Ukiondoa posho, mafuta ya pikipiki, karatasi na matengenezo ya ofisi, utaona kwa nini chifu wako anakunja uso anaposikia neno kalavati. Lakini iko sentensi moja katika sheria hiyo ambayo madiwani wa magombolola huipita haraka: asilimia 65 si dari. Baraza la wilaya linaweza kuidhinisha gombolola libaki na kiwango kikubwa zaidi. Gombolola lenye soko la mpakani, ambalo malori na wachuuzi wake ndio wanaoharibu njia, lina hoja nzuri ya kuomba hivyo, na diwani wenu wa LC5, yaani anayewawakilisha katika baraza la wilaya, ndiye wa kuipeleka.

Sasa nije kwenye kalenda, kwa maana hapo ndipo maombi mengi mema hufia. Mwaka wetu wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni, na wananchi huanza kuizungumzia bajeti mwezi Juni waziri wa fedha anapoisoma. Kwa gombolola, siku hiyo ya Juni mambo yamekwisha. Safari ilianza karibu mwaka mzima nyuma yake, pale vijiji na parishi vilipoitisha mikutano ya kutaja mahitaji. Mwezi Septemba wizara ya fedha hutoa waraka wa kwanza wa kuitisha bajeti, ukiwa na viwango vya awali ambavyo kila wilaya inatazamiwa kupata, na baada yake maofisa wa wizara hukutana na wilaya kimkoa kuvieleza. Kongamano la bajeti la wilaya huitishwa baadaye, kwa kawaida Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Wilaya kisha huandika waraka wa mfumo wa bajeti, unaounganishwa na wa taifa ambao, kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015, hufikishwa Bungeni kabla ya 31 Desemba na kuidhinishwa kabla ya 1 Februari. Februari huja waraka wa pili wenye viwango vilivyorekebishwa. Makadirio huwekwa mbele ya baraza kabla Machi haijaisha, Bunge hupokea makadirio ya taifa kabla ya 1 Aprili, na kufikia 31 Mei yote yawe yamepitishwa.

Tazama, Mheshimiwa, wewe umeingia wapi katika safari hiyo. Madiwani wapya huapishwa mwezi Mei, bajeti ya mwaka unaofuata ikiwa imekwisha kuiva. Wengi hukasirika wakadhani wamefichwa jambo, na wengine huja na orodha ya ahadi za kampeni wakitaka ichomekwe wiki ya mwisho. Kuchomeka hivyo ni hatari, kwa sababu sheria inataka bajeti ya serikali ya mitaa iwe na mizani: matumizi yasizidi mapato. Kila kinachoingia lazima kingine kitoke, au mapato ya ndani yapandishwe. Na hiyo ya pili ndiyo dhambi ninayoiona mara nyingi kuliko nyingine. Baraza likitaka kuridhisha kila mtu, huandika kwamba soko litaingiza mara mbili ya mwaka jana. Mizani inasimama kwenye karatasi, wenyeviti wanapiga makofi, na kufikia Januari miradi iliyotegemea ushuru huo imekwama yote. Ni afadhali baraza lipitishe mradi mmoja linaouweza kuliko minne ya kuwapoza wananchi. Nawasihi sana madiwani wapya wautumie mwaka wao wa kwanza kuielewa bajeti waliyoikuta, na kuanzia Julai ya mwaka huohuo waanze kuipigania inayofuata.

Kuhusu mlango wa kuingilia, jambo la kwanza si fedha bali ni umiliki wa njia. Uganda ina njia za jamii zilizo chini ya gombolola, barabara za wilaya, barabara za miji, na barabara kuu za taifa, ambazo tangu mamlaka ya barabara ya UNRA ilipovunjwa zimerudi chini ya wizara ya ujenzi na uchukuzi. Kila daraja lina fungu lake. Nimewahi kuona gombolola likiomba miaka mitatu mfululizo fedha za kutengeneza kivuko kilichokuwa katika barabara ya wilaya, na kila mwaka mhandisi akilifuta ombi bila kueleza sababu, kwa kuwa kwa kanuni gombolola haliwezi kupangia bajeti kitu kisicho chake. Mwendee mhandisi wa wilaya umwulize njia yenu imeandikishwa katika daraja gani. Ikiwa ni njia ya jamii, ombi lianzie kwenu, na fungu la matengenezo ya njia za jamii pamoja na DDEG ndizo sehemu za kutazama. Ikiwa ni ya wilaya, azimio la baraza lenu litakuwa la kuiomba wilaya iiweke katika mpango wake wa barabara. Kwa hali zote mbili, kazi nyingi za matengenezo siku hizi hufanywa kwa mitambo ya wilaya yenyewe, hivyo swali la "greda itafika kwetu mwezi gani" lina uzito sawa na swali la fedha.

Jambo la pili ni mpango wa maendeleo. Bajeti ya mwaka hukatwa kutoka katika mpango wa miaka mitano wa gombolola, ambao huungana na wa wilaya, na huo wa wilaya hufuata Mpango wa Nne wa Maendeleo ya Taifa wa 2025/26 hadi 2029/30. Mradi usiomo katika mpango huo huonekana kama mgeni asiyealikwa, hata ukiwa wa maana kiasi gani. Pitia mpango wa gombolola lenu ukurasa kwa ukurasa. Huenda ukakuta kalavati hiyo imeandikwa tangu zamani kwa jina la kijiji jirani au la kijito, na kumbe kinachohitajika ni kuisogeza juu tu. Isipokuwamo, anzia katika mkutano wa kijiji, muhtasari uandikwe na kutiwa saini, uende parishi, kisha kamati ya mipango ya maofisa wa gombolola, ndipo uje barazani. Njia hiyo ni ndefu, lakini ombi lililopita humo lina karatasi nyuma yake, na mkaguzi akiuliza kwa nini njia hii ilitangulizwa na si ile, baraza lina la kujibu.

Jambo la tatu ndilo linaloniuma zaidi. Kila mwaka wilaya hupiga kelele kwamba fedha hazitoshi, na kila mwaka, ikifika 30 Juni, baadhi yake hurudisha fedha ambazo hazikutumika kwenye mfuko mkuu wa serikali, kwa sababu sheria ya mwaka 2015 hairuhusu kuvuka nazo kwenda mwaka mpya. Mara nyingi ni mishahara ya nafasi ambazo tume ya utumishi ya wilaya haikuwahi kuzijaza, au fedha za ujenzi ambazo zabuni zake zilichelewa. Katika wilaya moja niliyofanyia kazi katika kitengo cha mipango, fedha za madarasa mawili zilirudi zote kwa kuwa hakuna aliyehakikisha mapema kwamba ardhi iliyotolewa kwa shule haina mgogoro. Familia ya mtoaji ilikwenda mahakamani wiki ambayo mkandarasi alileta mchanga. Wanafunzi waliokuwa wakisomea chini ya mwembe waliendelea kusomea hapo. Nilikuwa mmoja wa walioandaa karatasi za mradi ule, na hadi leo nikipita shuleni hapo natazama mwembe ule kwanza.

Kwa hiyo swali la "fedha zipo?" liambatane na lingine, "tuko tayari?" Kwa kalavati, kuwa tayari maana yake ni kwamba mhandisi amekwisha kupima upana wa kijito na wingi wa maji wakati wa mvua, makadirio ya gharama yameandikwa, wenye mashamba ya pande zote mbili wamekubali kwa maandishi njia ipanuliwe, na mradi umo katika mpango wa manunuzi kabla ya Julai. Kwenu Busia mvua kubwa ni za Machi hadi Mei, na nyingine huja kuanzia Agosti au Septemba hadi Novemba. Muda mzuri wa kuchimba na kulaza mabomba ni kati ya Desemba na Februari. Taratibu za manunuzi zikianza Oktoba badala ya Julai, vifaa vitafika Machi, kijito kimejaa, na robo ya mwisho ya mwaka itaisha mabomba yakiwa yamelala kando ya njia. Hivyo ndivyo fedha inavyopotea bila mtu yeyote kuiba.

Na hata bajeti ikipitishwa, usidhani fedha zote zitaingia Julai. Hutolewa kwa robo za mwaka, na robo moja ikichelewa au kupungua, maofisa hulazimika kuamua kipi kisubiri. Kamati yenu ya fedha idai taarifa kila robo, ikionyesha kiasi kilichoidhinishwa, kilichopokelewa na kilichotumika, kwa kila mradi na si kwa jumla. Jumla huficha mengi. Afisa Mkuu Tawala wa wilaya, yaani CAO, hutuma taarifa za namna hiyo Kampala kila robo kwa njia ya mfumo wa kompyuta, hivyo hakuna sababu ya gombolola kuambiwa kwamba takwimu hazijakamilika.

Kwa ombi lako, basi, ningefanya hivi. Wiki hii, jua njia ni ya nani. Kabla ya Agosti kuisha, mkutano wa kijiji uwe umeandika muhtasari wake na parishi imeupokea. Septemba viwango vya awali vikitoka, mwombe chifu akuonyeshe vile vinavyohusu gombolola, ili unapozungumza barazani uwe unaomba sehemu ya kiasi kinachojulikana. Ukienda kwenye kongamano la bajeti la wilaya, nenda na makadirio ya mhandisi yenye gharama na picha ya kijito wakati wa mvua. Na waraka wa pili ukija Februari, rudi uangalie tena kama kalavati yako bado imo, kwa sababu viwango vikipunguzwa, miradi ya kwanza kuondolewa ni ile ambayo hakuna diwani aliyefika kuiulizia.